Vidole vya Mama na Kitufe cha F Saba

Nilianza kazi ya kupiga chapa Ifakara mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani Namawala misimu miwili ya mpunga, kazi yangu kubwa ikiwa kufukuza ndege shambani. Ofisi ilikuwa Kibaoni, nyumba ya bati ya vyumba vinne iliyopangwa na mradi wa visima. Mradi ulichimba visima vya pampu katika vijiji vya bonde, na kila kisima kilikuwa na makaratasi yake: barua kwa serikali ya kijiji, taarifa ya uchimbaji, majina ya kamati ya maji, barua ya kujibu malalamiko. Makaratasi hayo yote yalipita mikononi mwa mwanamke mmoja ambaye ofisi nzima tulimwita Mama.

Alikuwa Mpogoro wa upande wa Mahenge, mjane, mwembamba, wa miaka hamsini na kitu. Alikuja kazini kwa miguu na mwavuli mkononi, mvua au jua. Kupiga chapa alifundishwa na masista akiwa msichana, wakati wa mashine za utepe, na masista waliwafunika mikono kwa kitambaa ili wasiangalie herufi.

"Ukichungulia tu, rula," aliniambia. "Mimi nilichungulia mara mbili. Ya tatu sikuthubutu."

Siku yangu ya kwanza nilimwamkia shikamoo. Akaitika marahaba huku uso ameuelekeza kando yangu kidogo, kama mtu anayesikiliza redio iliyo chumba cha pili. Nilidhani ni maringo ya watu wa ofisini. Baada ya wiki moja nilijua hana maringo hata chembe, basi nikaacha kujiuliza.

Kompyuta wakati ule ilikuwa moja. Kioo chake kilikuwa cha bluu, maandishi meupe, hakuna picha wala kipanya. Ulipotaka kuiamuru jambo, ulibonyeza vitufe vya mstari wa juu, vile vyenye F na namba. Juu ya kibodi za ofisi nyingine palikuwa na ukanda wa karatasi ngumu ulioeleza kila kitufe kina kazi gani. Wa kwake Mama alikuwa ameubandua na kuutia kwenye mtoto wa meza.

Alinifundisha kama yeye alivyofundishwa. Alisimama nyuma yangu, akaweka mikono yake juu ya mikono yangu, akanibonyezesha.

"F kumi, hifadhi. Hapa. Sema."

"F kumi, hifadhi."

"F saba, toka. Itakuuliza maswali, unaijibu kwa Enter. F moja, umekosea, inakurudisha ulipokuwa. Shifti na F saba, inakwenda printa. Ukiyajua hayo manne, hata umeme ukisumbua hutapoteza barua ya mtu."

Vidole vyake vilikuwa vya baridi na vyepesi. Sijui kwa nini nakumbuka hilo kuliko mengine. Nyumbani mama yangu mzazi alikuwa na mikono ya jembe, na sikuwa nimewahi kushikwa na mtu mzima kwa upole namna ile isipokuwa nilipougua.

Alikuwa na utaratibu mmoja ambao nao niliuona wa kawaida. Barua zilizoandikwa kwa mkono na wahandisi, mimi nilizisoma kwa sauti, yeye akapiga. "Ndivyo masista walivyotupanga," alisema. "Mmoja anasoma, mwenzake anapiga. Kazi inakwenda mara mbili." Na kweli ilikwenda. Nikimaliza sentensi, yeye alikuwa amekwisha kuiweka kwenye kioo na kunisubiri. Karatasi ikitoka kwenye printa alinipa mimi. "Kagua. Kukagua ndiko kunamfanya mtu awe mpiga chapa." Nilijisikia mtu muhimu sana. Nilikagua kwa rula mstari kwa mstari, na nilikuwa nafurahi nikikuta kosa kwa sababu makosa yake yalikuwa adimu.

Tulikaa hivyo zaidi ya mwaka mmoja.

Kisha wafadhili wakaleta kompyuta mpya tatu. Hizi zilikuwa na kioo cheupe, vipicha vidogo vimepangwa juu, na kipanya chenye waya. Alikuja kijana kutoka Dar es Salaam kutufundisha kwa siku mbili. Alikuwa muungwana, ila kila alichotaka kufundisha alikionyesha kwa kidole.

"Bonyeza hapa, Mama."

"Hapa wapi?"

"Hapa, hiki kialama. Halafu shusha mpaka hapa."

Mama alishika kipanya, akakisukuma, akabonyeza. Mshale ulikuwa umekwama kwenye pembe ya kioo. Akabonyeza tena. Kijana akamshika mkono kumwelekeza, na Mama akauondoa mkono wake taratibu, akasema kiwiko kinamuuma, wengine waendelee. Siku ya pili hakuja. Alituma salamu kwamba ana homa.

Mimi nilijisemea kwamba watu wazima hawapendi vitu vipya. Kila asubuhi akawa ananiambia, "Nifungulie, mwanangu," nami namfungulia programu kwa kipanya na kumwachia ukurasa mtupu. Nikamaliza kusoma, akamaliza kupiga, nikahifadhi na kutoa karatasi. Hapakuwa na mtu wa kuona tofauti, kwa kuwa sisi wawili tulikuwa chumba kimoja na wakubwa waliona karatasi tu.

Mwezi wa pili wa mashine hizo, bibi yangu alifariki Namawala. Niliondoka siku tatu.

Siku hizo, meneja wa mradi alimsomea Mama barua mwenyewe, amesimama mlangoni, ya kwenda kijiji cha Kisawasawa. Kijiji kilikuwa kimepangiwa kisima, na barua ilieleza kina kitakachochimbwa na kamati itakayochaguliwa. Mtunza stoo alimfungulia programu, Mama akaipiga yote. Alipomaliza, vidole vyake vikafanya kile vilichokuwa vimefanya kwa miaka: F saba, kutoka, halafu Enter kujibu maswali.

Katika programu mpya F saba haikuwa kutoka. F saba ilikuwa kukagua maneno, na ilikagua kwa Kiingereza. Kwa macho ya programu ile, barua nzima ya Kiswahili ilikuwa makosa matupu. Neno likiwa linafanana na neno lolote la Kiingereza, programu ilipendekeza hilo la Kiingereza, na Enter ilikuwa na maana ya kukubali. Mama hakusikia mlio aliouzoea, akaendelea na Enter, Enter, Enter, mpaka mashine ikatulia. Akamwita tena mtunza stoo amtolee karatasi kwenye printa. Meneja alikuwa anakimbilia gari, akasaini juu ya boneti.

Niliporudi kutoka msibani, siku mbili baadaye, mtendaji wa kijiji cha Kisawasawa alishuka kwenye lori la ndizi mbele ya ofisi yetu. Alikuwa mtu wa makamo mwenye adabu nyingi. Alivua kofia, akasalimia kila mtu, akakaa, akakubali chai. Ndipo akatoa barua mfukoni.

"Tumekuja kuuliza, mheshimiwa," alimwambia meneja. "Kuchagua watu saba, tumechagua, wanne wanawake kama mlivyosema. Lakini wanauliza mazoezi yanaanza lini."

"Mazoezi gani?"

"Ya karate. Hapa mmeandika tuunde karate ya maji."

Meneja aliichukua barua. Mimi nilikuwa nimeshika birika, nikachungulia begani kwake. Kamati imekuwa karate mahali panne. Kina kimekuwa 'kind', mita imekuwa 'mite', yaani utitiri. Saini ya meneja ilikuwa chini yake, nzuri, yenye mkia.

Mtunza stoo alicheka mpaka akatoka nje. Meneja hakucheka. Mtendaji naye hakucheka, na hilo ndilo lililomuumiza meneja zaidi, kwamba mzee wa watu alikuwa ameisoma barua ile kwa heshima na kuitii. Walimwandikia nyingine palepale, niliipiga mimi, akarudi nayo.

Mama alikuwa amekaa chumbani kwetu akisikia kila neno kupitia ukuta wa mbao. Nilipoingia, mikono yake ilikuwa mapajani.

"Ni ile F saba," nilisema. "Siku hizi ina kazi nyingine. Mimi mwenyewe ilinikosesha wiki iliyopita."

"Karate," alisema.

Alasiri meneja aliniita. Alikuwa mtu wa haki, sitamsema vibaya. Aliniambia Mama ameitumikia kazi vizuri lakini mambo yamebadilika, na mimi mashine mpya nimeizoea. "Mwisho wa mwezi nitamhamishia mapokezi. Akae pale, apokee wageni, apumzike. Usimwambie. Nitamwambia mimi."

Nilitoka nikiwa na furaha na aibu kwa pamoja, na furaha ndiyo iliyokuwa kubwa. Lazima niseme ukweli huo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa nimepandishwa cheo.

Asubuhi ya Ijumaa ya wiki hiyo nilimfungulia Mama programu kama kawaida, nikamwachia taarifa ya robo mwaka ambayo tulikuwa tumeisoma jana yake na ambayo ukurasa wake wa kwanza alikuwa ameshaukariri. Nikaenda kuchukua chai jikoni. Nyuma yangu mama wa usafi aliingia na kitambaa, akapangusa meza na vioo kama alivyofanya kila siku, akatoka.

Niliporudi, nilisikia vitufe tangu koridoni, mwendo wake uleule wa haraka usioyumba. Nikafika mlangoni na vikombe viwili.

Kioo kilikuwa cheusi.

Kitambaa kilikuwa kimebonyeza swichi ya kioo kikazimika. Mashine yenyewe ilikuwa inaunguruma chini ya meza, na Mama alikuwa amenyoosha mgongo, uso umeelekea kioo, anapiga. Alipiga mpaka mwisho wa mstari, akapiga Enter, akaanza aya mpya. Kila kitu usoni kwake kilikuwa cha mtu anayeona anachokiandika.

Sijui nilisimama muda gani. Chai ilinimwagikia mkononi ndipo nikasogea. Niliweka vikombe, nikanyoosha mkono kando yake, nikawasha kioo. Kikafanya ule mlio wake mdogo wa kuwaka. Mama aliusikia. Vidole vyake vikasimama.

Maandishi yakatokea. Nusu ukurasa, pembeni pamenyooka, hakuna kosa.

Nje mtu alikuwa anasukuma baiskeli iliyolegea mnyororo.

"Kilikuwa kimezimika?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza."

Aliitafuta meza kwa kiganja, akaupata ukingo wake, akaushika. "Basi umeona."

"Nimeona, Mama."

"Afadhali mmoja wetu anaona," alisema. Akacheka kidogo, halafu akaanza kulia bila sauti. Nilifunga mlango.

Aliniambia yote asubuhi hiyo. Kwamba ilianza kama moshi wa jikoni usioondoka. Kwamba mwanzoni aliona vizuri asubuhi na vibaya mchana, kisha vibaya siku zote. Sasa aliona mwanga, na kivuli cha mtu akipita dirishani, na barabara ya kwenda nyumbani aliijua kwa miguu. Kile kioo cha bluu kwake kilikuwa bluu tu, lakini hakikumsumbua, kwa sababu vitufe havikuhama na mashine ilimjibu kwa milio. Kusomeana hakukuwa utaratibu wa masista hata kidogo. Aliutunga nilipofika.

"Ulikuja Mungu akiwa amekuleta," alisema. "Una sauti ya kusomea."

"Kwa nini hukusema, Mama? Hata kwangu?"

"Mama yangu alikuwa na huu ukungu. Na mama yake. Ni wa kwetu. Mama yangu alikaa mlangoni kwake miaka tisa, wanamletea uji, wanampeleka chooni, mpaka akafa. Mimi nikisema, Jumatatu nitakuwa kwenye kivuko navuka kurudi Mahenge nikakae mlangoni." Akafuta uso kwa upindo wa kitenge. "Nimesikia wanataka kuniweka mapokezi."

Niliugeukia mlango niliokuwa nimeufunga.

"Kuta ni za mbao, mwanangu. Mapokezi! Nitampokea nani nisiyemwona?"

Nikasikia aibu, na safari hii furaha haikuwepo.

Jumamosi nilikwenda ofisini nikachukua kitabu kinene kilichokuja na programu mpya. Kilikuwa cha Kiingereza, kurasa nyingi kama misale ya padri. Nilichokuwa natafuta nilikipata karibu na mwisho: orodha ya njia za mkato za kibodi. Kumbe karibu kila jambo tulilofundishwa kwa kipanya lilikuwa na vitufe vyake. Ila havikuwa vile tulivyovijua. Kuhifadhi ilikuwa kushika Control na kubonyeza S. Printa, Control na P. Kurudisha kosa, Control na Z. Kutoka, Alt na F nne. Na F moja, iliyokuwa inaturudisha tulipokosea, sasa ilifungua kurasa za msaada. F kumi, badala ya kuhifadhi, ilikupeleka kwenye orodha ya juu, na ukiendelea kuandika kama hujui, kila herufi ilikuwa inaamuru jambo.

Niliandika yote kwenye daftari, upande mmoja ya zamani, upande mwingine mapya. Wiki iliyofuata, ofisi ikiwa imelala mchana, nilisimama nyuma ya kiti cha Mama, nikaweka mikono yangu juu ya yake.

"Kidole kidogo cha kushoto, chini kabisa kwenye pembe. Hicho ni Control. Kishike. Sasa S. Sema."

"Control na S, hifadhi," alisema kwa sauti ya mtoto wa shule.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Si kwamba alisahau. Alikumbuka mno. Vidole vilikimbilia F saba kabla hajafikiri, halafu kile kisanduku cha kukagua kinajitokeza na mimi nasema "Esc, Mama, Esc," naye anasema "Yesu na Maria," anabonyeza Esc. Siku ya tatu alikasirika kweli.

"Kwani hawa watu waliotengeneza hii hawakuwaona waliotengeneza ile? Kwa nini wasiulizane?"

"Sijui, Mama."

"Kitufe kilekile, mahali palepale, kina jina lilelile. Halafu hapa ni kutoka, kule ni kukaguliwa."

Nilimweleza kwamba ni zaidi ya hapo. Mhandisi mgeni aliyekuwa amefikia kwetu miezi ile alikuja na kompyuta yake ya aina nyingine kabisa, na jana yake alikuwa ameniomba nimpigie jedwali. Nilishika Control na S kwa ushujaa wote, na hakuna kilichotokea. Kwenye mashine yake ulipaswa kushika kitufe kingine, jirani na ule mrefu wa nafasi, chenye alama kama ua la majani manne. Nilikuwa nimebonyeza mara sita nikidhani nimeharibu mali ya watu. Mgeni alicheka, akanionyesha, akaniambia yeye naye akienda kwao hukosea kwenye mashine ya mke wake.

Mama alitulia. Alifikiri.

"Pale kwa masista," alisema, "kulikuwa na sista wa kufulia na sista wa wodi. Shuka lilelile, wa kufulia alitaka likunjwe mara tatu, wa wodi mara nne. Tulipigwa na wote wawili." Akaweka mikono tena kwenye kibodi. "Haya. Nani leo? Mara tatu au mara nne?"

"Mara nne, Mama."

"Control na S."

Kufikia mwisho wa mwezi alikuwa anafungua, anahifadhi, anatoa printa na kufunga bila kugusa kipanya. Nilikwenda kwa meneja nikamwambia Mama ameielewa mashine, ampime. Alikuja akasimama mlangoni, akamsomea barua ya ukurasa mmoja. Mama akaipiga, akabonyeza Control na P, karatasi ikatoka. Meneja akaisoma mara mbili akitafuta karate. Hakuipata. Habari ya mapokezi ikafa.

Lakini mimi sikulala vizuri baada ya hapo. Kabla, Mama alikuwa anadanganya peke yake. Sasa tulikuwa wawili, na mimi ndiye niliyekwenda kwa meneja kwa miguu yangu. Na Mama alikuwa anazidi kupungua. Nilimwona akigonga bega kwenye mlango ambao ulikuwa wazi nusu. Aliacha kuona kivuli dirishani.

Siku moja hospitali ilituma karatasi ofisini, ombi dogo. Madaktari wa macho wangekuja kwa siku chache, na kwa kuwa magari yetu yalizunguka vijijini, waliomba tuwapigie tangazo na kulisambaza. Meneja akaandika juu yake "haraka" na kuniwekea mezani. Nikaanza kumsomea Mama bila kuangalia mbele.

"Tangazo kwa wananchi wote. Madaktari wa macho watakuwepo. Watu wenye ukungu machoni, wenye mboni nyeupe, wasioona vizuri kwa sababu ya mtoto wa jicho…"

Vidole vya Mama vilisubiri.

"Endelea," alisema.

"…wafike bila kukawia. Upasuaji wake ni mfupi, na wengi huona tena."

Akapiga. Mpaka nukta. Akashika Control, akabonyeza S.

"Hili umelitunga wewe?"

"Hapana, Mama. Limeletwa. Lina muhuri."

"Soma tena mahali pa wengi."

Nikasoma tena.

"Mama yangu hakuna aliyemwambia hivyo," alisema. "Huo ukungu wanaousema ndio huu wangu?"

"Sijui. Twende tukaulize."

Tulikwenda, na foleni ilikuwa imezunguka jengo. Watu walikuwa wametoka mpaka ng'ambo ya mto, wazee wameshikwa mikono na wajukuu, na Mama akiwa katikati yao alinibana mkono kama mtoto anayepelekwa kuchanjwa. Daktari alimmulika kwa tochi jicho moja, kisha la pili. Haikuchukua hata dakika tano. Akasema ni mtoto wa jicho, yote mawili, yameiva, na wataanza na la kulia keshokutwa.

"Ni la kwetu, daktari. La ukoo."

"Huenda. Hata la ukoo tunalitoa."

Ilibidi aombe ruhusa, na kuomba ruhusa kulikuwa kusema. Niliingia naye kwa meneja. Mama hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, kwa sentensi fupi, kama anayemsomea mpiga chapa barua. Aliposema kwamba barua ya Kisawasawa hakuwahi kuiona, meneja aliweka kalamu.

"Na taarifa zangu zote hizi?"

"Huyu alisoma, mimi nilipiga. Akakagua yeye. Kama kuna adhabu, yeye ni mtoto, alinihurumia tu."

"Si kweli," nilisema. "Nilijua."

Meneja alitutazama mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nimeshajiandaa kurudi Namawala kwa ndege wangu wa shambani. Akauliza, "Keshokutwa saa ngapi?" Mama akamwambia. Siku hiyo alikuja na gari yeye mwenyewe, akamfungulia mlango wa mbele, na mimi nikakaa nyuma na kapu la nguo.

Asubuhi iliyofuata upasuaji walifungua bandeji. Nilikuwa nimepiga magoti kando ya kitanda kwa sababu hapakuwa na kiti. Muuguzi alisafisha jicho kwa maji ya uvuguvugu, akamwambia afungue polepole. Mama akafungua. Akatazama dirisha. Akatazama mkono wake, mbele na nyuma. Halafu akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu uso wake haukuelekea kando yangu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Mama."

Alinishika kidevu. "Kumbe una mwanya!" alisema. "Siku zote unasema 'sisi' kwa mluzi. Nikadhani ndivyo Wandamba mnavyosema."

Kitanda cha jirani bibi mmoja, macho yamefungwa bado, alianza kucheka, na sisi tukacheka naye, na muuguzi akatuonya kwamba jicho bichi halitaki vicheko.

Jicho la pili lilifanyiwa upasuaji madaktari waliporudi msimu uliofuata. Mama alirudi ofisini na miwani ya kusomea iliyofungwa kamba shingoni. Kipanya hakukipenda hata alipokuwa anakiona. Alisema kinamchelewesha. Wafanyakazi wapya walipokuja, yeye ndiye aliyewafundisha njia za vitufe, na kila programu mpya ilipoletwa alitaka kwanza kitabu chake, aende kule mwisho kwenye orodha, aone wamehamisha nini tena. Sasa alijisomea mwenyewe. Mimi nilihamishiwa meza ya takwimu, na mwanzoni nilisikia upweke wa ajabu nikiwa na karatasi yangu na hakuna wa kumsomea.

Alistaafu kabla miaka ya tisini haijaisha, akavuka kwenda Mahenge na mabegi mawili na mwavuli. Nilimsindikiza mpaka kivukoni. Baada ya hapo tulipata salamu kwa watu, mara chache barua, kwa mkono wake, yenye herufi kubwa zilizosimama wima.

Halafu siku moja ya kiangazi nilikuwa natoka ofisini kwenda kula, nikamwona barabarani. Alikuwa amezeeka na mwendo umepungua. Alikuwa amemshika mkono mwanamke mwingine anayefanana naye kabisa, mdogo kidogo, aliyekuwa anatembea akipapasa ardhi kwa kidole cha mguu kabla ya kukanyaga.

"Huyu ni mdogo wangu," alisema. "Alikuwa ameshaanza kukaa mlangoni. Nimemwambia inuka."

Nilimwamkia yule mama mgeni shikamoo. Aliitika marahaba, uso ukielekea kidogo pembeni ya bega langu. Nikaingia ofisini kuomba ruhusa ya alasiri, nikatoka, nikamshika mkono wa pili, tukaenda hospitali watatu.